Zamu Yangu ya Lubarika

Nyinyi mnaokaa kwenye benchi la mashini yangu hapa Songo, Uvira, wengine mkingoja mpunga wenu ukobolewe, wengine mkingoja tu jua lizame, mmeniuliza sana: Muzee, ulipotelea wapi, na kwa nini ulirudi unachechemea? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, maana kila ninayemjibu anakwenda kuongeza chumvi yake. Naandika yote hapa mara moja. Shule niliiacha darasa la tatu, hilo mnalijua, na mashini hii hakuna mwalimu aliyeninunulia. Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Anayeona herufi imekaa vibaya aipange mwenyewe.

Songo na Kavimvira: kamio lisilo na haraka

Neno lilikuja kwa simu, asubuhi, nikiwa bado na mswaki mdomoni. Alikuwa Nabintu, dada yangu wa tumbo moja, anayekaa Lubarika. Hakusalimia. Alisema Byamungu, mwanawe wa kwanza, anakwenda porini kushika bunduki, yeye na vijana wenzake wote wanaolima pamoja. Juu milimani kuna mkubwa mmoja anayekusanya watu, nao wamekwisha kumtumia neno kwamba watapanda. Kwa sasa wanamalizia kazi za mashamba. Wakimaliza, ndiyo basi.

"Yaya," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita kaka, "kama utakuya, kuya sasa. Usikuye kwa matanga."

Kwetu mjomba si mtu wa kutuma salamu. Mtoto wa dada akipotea, watu wanamwuliza baba, kisha wanamgeukia mjomba na kumwuliza kwa sauti kubwa zaidi. Na baba yake Byamungu tulikwisha kumzika. Nikavaa kofia, nikafunga fungu kubwa la ndagala, samaki wadogo wakavu wa ziwa, nikachukua na magunia matupu ya mashini ya kukalia, kwa sababu mbao za kamio zinajua kumuuma mtu mzima. Hayo magunia msiyasahau.

Kamio nililipata Kavimvira. Shofere akasema tunaondoka saa hii hii, kisha akalala chini ya gari. Nilipomwamsha kumwuliza saa hii hii ni ipi, hakukasirika. Alinieleza kwamba zamani alipanda na chumvi na sabuni, akashuka na mpunga, gari lilikuwa linakula kwenda na kurudi. Sasa anashuka mtupu. Kwa hiyo kupanda lazima lijae mpaka mlingoti, safari moja ilishe mbili.

Tukangoja. Mbele yetu vijana walikuwa wanashusha mchele wa ng'ambo kutoka gari jingine, mchele mweupe kama meno ya kununua. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akausifu, akasema mchele wa Bonde, huu wa mashamba ya huku kwetu, una mawe. Nikamwambia mawe hayo hayakuota shambani, ni ya njiani, na mashini yangu inayatoa. Akanitazama kofia, akatazama na magunia yangu. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali tulipoondoka.

Barabara ya kamba

Kutoka Kavimvira mpaka Sange zamani mtu aliondoka baada ya chai na kufika kabla ya kusikia njaa. Sasa kuna kamba. Zimefungwa mti hadi mti, kuvuka barabara, na kila kamba ina watu wake. Wengine wana nguo za serikali, wengine wana nguo za kwao tu. Mimi sikuwaomba karatasi, wao ndio walioomba. Kwa mama yule walichukua sabuni. Kwangu walichukua ndagala, kiganja hapa, kiganja pale, mpaka fungu langu likaanza kulegea kamba yake.

Kati yetu alikuwamo bwana mmoja wa viatu vinavyong'aa, aliyesema anafanya kazi za mradi. Huyo alitueleza vita. Alisema shida ya Bonde ni chuki ya kabila na kabila, tangu babu, na mpaka mioyo ibadilike hakuna kitu. Alisema vizuri, na Kifaransa katikati. Nami nilikubali kwa kichwa, maana ndivyo nilivyokuwa nikisema miaka yote kwenye benchi lenu hilo. Hata hotuba ya kumhubiria Byamungu nilikuwa nimeipanga hivyo hivyo: Mungu, jirani, chuki, damu. Nilikuwa naipitia moyoni kila tulipokuwa tumesimama, na tulisimama sana.

Baada ya Kiliba, kwenye kamba moja, mwanamume mwenye ndevu akapanda kwenye kamio akaanza kufungua mizigo. Alipofika kwangu akasimama. "Muzee Mashini," akasema.

Alikuwa Amisi. Wazee wa benchi mnamkumbuka, yule aliyebeba magunia mawili kwa shingo moja na kutaka watu wamtazame. Mpunga ulipopungua nilimwambia hakuna kazi, akaenda kuchota mchanga mtoni, kisha akavua samaki kwa mtumbwi wa mtu, kisha sikumsikia tena. Alinipokea vizuri, akaniuliza watoto, akauliza hata mashini kama vile ni mtu. Na alipokwisha kuuliza akatia mkono kwenye ndagala zangu.

"Amisi," nikamwambia, "hata minye, muzee yako?"

"Muzee, weye uko na mashini. Minye iko na kamba."

Hakusema kwa ubaya. Nikamwuliza: na mpunga ukirudi? Akafikiri kidogo, akachagua ndagala ndogo akaziacha kubwa, akasema, "Ukirudi, kamba hii nitafungia magunia."

Tulipokuwa tumepita, bwana wa viatu akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ndogo yule kijana ni kabila gani.

"Ya kwangu," nikamwambia.

Hotuba yangu ilikuwa imepata tundu.

Sange: chungu kimoja

Sange gurudumu likapasuka, na la akiba lilikuwa limepasuka tangu wiki nyingine. Shofere akaenda kutafuta la kuazima. Tukaambiwa tulale.

Nilikula kwa mama mmoja mjane anayepikia abiria. Aliniwekea bugali ya mihogo na sombe ya majani yake isiyo na mafuta, akaomba samahani kwa mafuta, nami nikatoa ndagala tukaweka juu, ikawa chakula. Alikuwa mcheshi. Alinitania kwamba mwanamume mwenye kofia nzuri namna ile anatafuta mke wa pili, nikamwambia wa kwanza amenitosha na amebaki. Ndipo nikamwuliza watoto.

Alikuwa na wavulana wawili, wote porini. Mmoja yuko na kundi la huku, mwingine yuko na kundi linalopigana na hilo. Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwuliza waligombana nini, ndugu wa tumbo moja.

"Habakugombana," akasema, akinifutia sahani. "Huyu alikuwa anachoma makala ya kupikia, yule alikuwa anafyatua matofali. Kazi ilikufa. Ba makala baliitwa na hawa, ba matofali baliitwa na bale. Kila mumoja alifuata benzake."

Wakishuka kumsalimu, mmoja wiki hii na mwingine wiki ile, wanakula chungu hicho hicho nilichokula mimi. Anawaambia tu wasikutane mlangoni.

Nililala na neno hilo, na asubuhi nilikuwa bado nalo. Hotuba sikuipitia tena.

Bwegera: magunia yanasema uongo

Bwegera kamio likaishia, shofere akasema gurudumu la watu haliendi mbali. Nikashuka na magunia yangu chini ya kwapa, nikakaa kando ya barabara kungoja moto, pikipiki ya kunipeleka Lubarika.

Hapo ndipo nilipoponea kupigwa. Mzee mwenye kofia, ameshuka kwenye kamio, ana magunia matupu: Bwegera mtu huyo anaitwa mnunuzi. Na mnunuzi hawajamwona muda mrefu. Mama wa kwanza akaja na mpunga ndani ya kitambaa. Nikamwambia sinunui. Akadhani napunguza bei, akacheka, akamwita mwenzake. Wakaja wengine, na mabeseni, na vikapu, mmoja na mtungi. Nikatia mkono kwenye kikapu kimoja kama ninavyofanya kila siku ya maisha yangu, na mkono ukajua kabla ya macho. Ulikuwa mpunga wa mbegu. Umechaguliwa punje kwa punje, umekaushwa kivulini, umewekwa na majani ya kuzuia wadudu.

Nikasimama. Nikawaambia ninyi mnauza mbegu, mwaka kesho mtapanda nini? Mama mwenye mtungi akanijibu nitoe maji kwanza ndipo nimwulize habari ya kupanda. Alinielekeza kwa mdomo upande wa mashamba. Yale mashamba mnayoyajua, yaliyokuwa kijani mpaka macho yanachoka, yalikuwa yamepasuka kama kisigino. Mvua kubwa ilileta mto, mto ukabeba mdomo wa mfereji, pale maji yanapoingilia. Watu wa ofisi walikuja, wakapima, wakapiga picha, wakarudi. Mfereji uko, mto uko, lakini havikutani.

Nilikataa kununua mbegu, nalo likawa kosa. Waliniambia nimekuja kuwacheka. Mmoja akasema wazee wa Uvira wananenepa kwa mchele wa ng'ambo. Nikamwambia mashini yangu haikoboi mchele uliokwisha kukobolewa, anenepe nani? Hakujali. Kijana wa moto alifika kwa wakati, nikapanda na magunia yangu, na mwanamke mmoja akanitupia ganda la ndizi likanipata mgongoni.

Lubarika: vijana wa likirimba

Nabintu alinipa maji ya kunawa na maziwa mgando, akakaa akanitazama nikinywa. Ndugu yangu huyu halii. Akasema zamu zimebaki tatu.

Kwa asiyejua: likirimba ya kule si ya kuchanga pesa kwa zamu, ni ya kulima. Vijana wanane, leo wote shambani kwako, kesho wote shambani kwangu, mpaka kila mmoja apate. Huwezi kuondoka katikati. Aliyelimiwa na wenzake kisha akaondoka kabla hajawalimia wote anaitwa mla zamu, na jina hilo linamfuata mpaka kwenye posa. Hata mwizi anapata mke Lubarika. Mla zamu hapati. Kwa kuwa bonde limekauka walikuwa wanawalimia mama zao mihogo na maharage kwenye miteremko, ili wakiondoka nyumba zisilale njaa. Ndiyo maana walikuwa bado hawajapanda milimani. Wangekwenda wamelipana.

Byamungu alikuja jioni na jembe begani. Amekuwa mrefu, mabega ya baba yake. Alinipigia magoti kidogo kama inavyopasa, akakaa. Sikumhubiria. Nilimwambia kesho turudi pamoja Songo, nitampa kazi kwenye mashini, mpunga uliopo ni kidogo lakini tutagawana.

"Na wenzangu?" akauliza.

Nikamwambia mashini ni moja.

"Basi nitakuwa mla zamu, mjomba."

Nikamwuliza kama anajua anakwenda kumpiga nani huko juu. Alisema hajui. Nikamwuliza kama anamchukia mtu. Akafikiria kweli, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni, akasema hapana, ila mwenye duka mmoja wa Luvungi.

"Kule habatuulize kabila," akasema. "Banatuuliza kama tulikula."

Mama yake alisimama akaingia ndani. Wanane wangekwenda kama wanane. Kumvuta mmoja ilikuwa sawa na kung'oa kidole na kuacha mkono.

Asubuhi nikaomba jembe.

Kichwa chao anaitwa Kashindi, kijana mfupi, mdomo mkali. Nilipofika shambani nikasema nataka kuingia kwenye likirimba, walicheka mpaka wakaegemea majembe. Sheria inaruhusu. Anayeingia katikati analima zamu zilizobaki, na kwa zile alizokosa anawalisha wenzake shambani. Zamu yake inakuwa ya mwisho. Nikawaonyesha ndagala zilizobaki na maharage niliyokuwa nimenunua njiani, Luvungi. Kashindi akatazama maharage, akatazama miguu yangu.

"Muzee, tukikuzika hapa, mashini itabaki kwa nani?"

"Kwa atakayekuwa analima bado saa ya chakula," nikamwambia.

Nililima. Sitajisifu, maana mlioniona nikirudi mnajua bei yake. Siku ya kwanza walinipigia miluzi. Siku ya pili walinipunguzia mstari bila kusema, nami nikaurudisha. Siku ya tatu goti la kulia likavimba kama kichwa cha mtoto, nikalima kwa kupiga goti la kushoto. Mzaha ulikuwa umeisha. Tulipomaliza zamu ya mwisho, tukala, na Kashindi akafuta jembe lake kwa majani.

"Haya, Muzee. Zamu ni yako. Shamba iko wapi? Songo ni simenti tupu."

Wakacheka, hata Byamungu.

"Shamba ni lile la dada yangu, kando ya mfereji," nikasema. "Ameniazima. Na zamu yangu si ya kulima. Ni ya kupandikiza mpunga."

Kicheko kikaisha. Mmoja akasema mpunga haupandikizwi kwenye vumbi. Nikamwambia minye sikusema leo.

Kashindi alielewa kwanza. "Muzee, huu ni mutego."

"Ni zamu."

"Kule juu banatungojea."

"Nendeni. Hakuna muntu atawashika mguu. Mtapita mbele ya mlango wa kila mama hapa na zamu ya mzee kichwani, na goti lake mmeliona."

Byamungu alisimama. Sijawahi kumwona mtoto wa dada akinitazama vile. "Mjomba, weye unatufungia na njaa. Na maji yasipokuya?"

Hilo lilikuwa swali la haki, nikamjibu kwa haki. Nilisema yasipokuja atakuwa na njaa nyumbani, mahali mama yake anaweza kumwona. Akachukua jembe lake akaenda.

Waligombana siku mbili. Mmoja wao, Bisimwa, aliondoka bila kuaga, na mama yake sasa anachota maji saa ambayo wengine hawapo kisimani. Waliobaki walikwenda kwenye mdomo wa mfereji kutazama. Kutazama tu, Kashindi alisema, nisivimbe kichwa. Jioni Byamungu akaja kuniuliza, bila kunitazama, kama magunia yale ya kukalia yanaweza kushika mchanga.

Nikampa yote.

Kurudi

Nilirudi nimekaa kwenye mbao tupu, goti limenyooshwa juu ya mzigo wa mtu. Bwegera sikushuka. Kwenye kamba ya Kiliba Amisi akapanda, akapekua, akaniuliza safari hii naleta nini. "Goti," nikamwambia. Akaliangalia, akashuka, akainua kamba.

Mlisema nimewauzia wengine magunia ya zamani yote yaliyokuwa nyuma ya mashini. Sikuuza. Niliyapeleka Lubarika kwa shofere yule yule. Magunia matupu hakuna kamba iliyoyataka. Na anayesema nimefanya haya ili mashini yangu ipate mpunga, ni kweli, na nimwonee haya nani? Mashini bila mpunga ni chuma, na vijana bila mpunga mmekwisha kuona wanakuwa nini.

Wale vijana waliyajaza mchanga na mawe. Mto ulibomoa mara ya kwanza, wakarudia. Maji yakaingia mfereji, yakafika mashamba ya juu, kisha ya kati. Wakapandikiziana, zamu kwa zamu, na juzi maji yamefika kwenye shamba la Nabintu. Yule mkubwa wa milimani ametuma tena mtu kuwauliza kama wanakuja au hawaji.

Jana Kashindi alinipigia mwenyewe. Hakuwa na mzaha. "Muzee, maji yalifika. Kuya uchukue zamu yako, tumalizane."

Nikamwambia goti bado linauma. Zamu isiyolipwa haipandi milimani.

Dada analalamika kwamba shamba lake limelala bure kwenye maji. Nimemwambia msimu huu mchele nitamtumia mimi. Mpunga wa hao wengine ukishakomaa, ukishakuja hapa kukobolewa, tutaangalia. Kwa sasa mnaniona natembea kutoka benchi mpaka mashini bila fimbo, na wengine mmeanza kusema. Fungeni midomo. Akija mtu wa Lubarika na gunia lake, akawauliza habari zangu, mwambieni Muzee bado anachechemea.